MALI BILA DAFTARI: NA DAFTARI NI LA NANI?

(Mazungumzo ya mhitimu mmoja mbele ya wahitimu wa zamani na wanafunzi, Sumbawanga)



Nimetakiwa nizungumze juu ya utunzaji wa fedha. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza swali moja tu: daftari lenyewe ni la nani?

Hapa Ufipa jambo hili si geni. Mkulima wa Laela au Mpui huvuna mahindi mara moja kwa mwaka. Fedha humjia kwa mkupuo, nazo hazina budi kumfikisha mavuno mengine. Katikati kuna mbolea ya Novemba, sare za Januari, na ile miezi ya Februari na Machi ghala linapopungua. Sisi watumishi hupokea mshahara kila mwezi, lakini hali ni ile ile kwa kipimo kidogo. Mwisho wa mwezi tuna fedha. Haijafika nusu ya mwezi unaofuata tunaulizana zimekwenda wapi.

Asiyejua zilikokwenda huenda kukopa. Na siku hizi mkopeshaji yumo ndani ya simu. Unapakua programu, unabonyeza "kubali" mara tatu nne, fedha zinaingia. Wengi hawatambui kwamba kwa kubonyeza huko wameruhusu programu isome majina yote yaliyomo katika simu, pengine na jumbe za fedha pia. Mwalimu mmoja, rafiki yangu, alichelewa kulipa kwa siku chache. Jumbe zikaenda kwa mkwewe, kwa mkubwa wake wa kazi, hata kwa mzazi wa mwanafunzi wake, zikimwita tapeli. Deni lilikuwa dogo, akalilipa. Aibu haikulipika.

Hakuwa peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sheria nayo tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na Tume yake ya kupokea malalamiko. Lakini ndugu zangu, sheria humfikia mwizi baada ya kuiba. Mlango ni kazi ya mwenye nyumba.

Basi nataka tutofautishe maneno mawili: bure na huria. Programu ya bure ni ile usiyoilipia fedha. Huenda unailipia kwa habari zako. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yanayoiongoza kompyuta, yamewekwa wazi. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma aone inafanya nini, akayarekebisha yafae kwake, na kumgawia mwenzake. Ikiwa ina tabia ya kupeleleza, kuna wa kuigundua.

Mfano mmoja ni GnuCash, programu ya kutunza hesabu ambayo toleo lake imara la kwanza lilitoka mwaka 1998. Hailipiwi. Ukishaiweka katika kompyuta haihitaji mtandao kufanya kazi, na faili la hesabu linakaa kwako. Inafuata utaratibu ule ule tuliofundishwa katika somo la Utunzaji Hesabu: kila shilingi ina ilikotoka na ilikokwenda. Tuseme umeuza mahindi kwa shilingi 1,200,000. Unaandika kwamba zimetoka Mauzo ya Mahindi, zimeingia Benki. Ukinunua mbolea ya shilingi 300,000, zimetoka Benki, zimekwenda Mbolea. Majina ya akaunti unayatunga mwenyewe: Sare, Michango ya Harusi, Nauli ya Namanyere, Deni la Shemeji. Mwishoni unaitaka ripoti, nayo inakuonyesha bila kukuonea haya.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Wazungu. Hapana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya tajiri yeyote, kwa kuwa uhuria wenyewe ndiyo ruhusa. Na jedwali la kawaida la LibreOffice, lenye safu za tarehe, maelezo, kuingia na kutoka, linatosha kabisa kwa anayeanza.

Sitaki kuwadanganya kwamba hakuna kazi. Programu ya namna hii haikusomei jumbe za wakala. Unaandika mwenyewe kila jioni. Lakini dakika zile tano ndizo zinazokufundisha, maana mkono ukiandika "soda" mara kumi, kichwa kinaanza kuuliza. Tena faili la GnuCash halijifungi lenyewe kwa neno la siri. Funga kompyuta yako, na weka nakala katika flashi uifiche mahali pengine. Kompyuta ikiungua au ikiibwa, hesabu zako ziwe hai.

Kwenu, wadogo zetu, nawaachia maswali matatu ya kuiuliza programu yoyote ya fedha kabla ya kuikubali. Kwanza, je, inafanya kazi bila mtandao? Pili, je, inaomba kusoma majina na jumbe zangu, na kwa sababu gani? Tatu, nikiichoka, je, naweza kuondoka na hesabu zangu zote? Ikishindwa hata moja, fikirini mara mbili. Na asiye na kompyuta asijione yuko nyuma: daftari la karatasi lililofungiwa sandukuni linajibu maswali yote matatu vizuri.

Ombi langu kwa wahitimu wenzangu ni dogo. Tuna wenzetu wenye kompyuta zilizostaafu ofisini na majumbani. Programu hizi hazidai mashine mpya. Tukikusanya chache tukazileta hapa shuleni, na mmoja wetu akajitolea Jumamosi moja kila muhula kufundisha, kijana atatoka Kidato cha Nne akijua kufunga hesabu zake kabla hajashika mshahara wa kwanza au kuuza gunia la kwanza.