KUJITUNZA KWA PAMOJA BAADA YA KIHARUSI
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nitasema juu ya kiharusi, kwa kuwa ni ugonjwa ninaoujua mwilini mwangu, na kwa kuwa humu ukumbini wamo wenzetu wanaougua au kuuguza kimya kimya.

Wengi bado hudhani kiharusi ni upepo mbaya au uchawi. Ukweli ni kwamba sehemu ya ubongo hukosa damu, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama umepasuka. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, nalo mara nyingi haliumi. Utafiti uliofanywa nchini mwetu kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, hesabu zikilinganishwa kwa umri, kila mwaka katika kila watu 100,000 walipatikana wagonjwa wapya wapatao 109 wilayani Hai na wapatao 316 Dar es Salaam.

Hospitali hufanya kazi yake, kisha mgonjwa hurudi nyumbani. Hapo huanza shida ya pili. Mtu aliyeongoza ofisi hushindwa kufunga vifungo vya shati. Mwingine akili anayo, lakini maneno hayaji, na wageni humwuliza mkewe habari zake ilhali yeye yupo. Mke naye halali, hatoki, wala hakuna amwulizaye hali.

Sisi tulianza kikundi: wagonjwa sita na wenzi wao, kila Jumamosi, katika darasa la shule ya msingi. Utaratibu tuliuchukua kwenye mafunzo ya watu wenye maradhi ya kudumu yaliyoanzishwa na Kate Lorig na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hukutana saa mbili na nusu kila juma, kwa majuma sita. Waongozaji ni wawili, na angalau mmoja wao ana maradhi ya kudumu yeye mwenyewe.

Kila juma kila mtu hutaja azimio moja: atafanya nini, kiasi gani, lini, na siku ngapi. Kisha husema, kutoka 0 hadi 10, ana hakika kiasi gani ya kulitimiza. Akitaja chini ya 7, azimio hupunguzwa. “Nitafanya mazoezi” halikubaliwi. “Nitatembea hadi mwembeni na kurudi, kabla ya chai, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa,” hilo linakubaliwa. Juma lifuatalo tunaulizana, na aliyekwama husaidiwa na wenzake.

Wenzi nao hutaja maazimio yao. Mke wangu alisema ataniacha nivae shati peke yangu siku tatu, hata nikichukua nusu saa. Alijipa 5. Kina mama wenzake wakacheka, maana waliijua shida yake: kunitazama nikihangaika kulikuwa kugumu kuliko kunivalisha. Tukapunguza ikawa siku moja. Shati hili mnaloliona leo nimelivaa mwenyewe.

Kikundi hakichukui nafasi ya dawa. Anayeacha vidonge vya shinikizo kwa kuwa amejisikia nafuu anakaribisha kiharusi cha pili. Katika kikundi tunakumbushana hilo bila kuoneana haya.

Ndugu zangu, nina maombi matatu. Kwanza, kila mmoja wetu akapimwe shinikizo la damu. Pili, tuwatembelee wenzetu waliojificha majumbani kwa aibu ya mdomo uliopinda. Hapa bwenini, mtu akishikwa na malaria, mwenzake wa kitanda cha pili ndiye aliyemchotea maji. Kikundi hakihitaji fedha nyingi. Chumba, viti na ubao vinatosha.

Tatu, ninyi vijana, mkimwona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au usemi umevurugika ghafla, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje kukuche.