Mafundi wa Garissa na Wanafunzi Wao



Mtu atakaye kuwazuru mafundi wa sanaa katika nchi ya Garissa asitafute nyumba yenye picha ukutani. Na aingie katika aqal, nyumba ya Wasomali wafugaji, ambayo wanawake huisuka mikeka, huijenga, na siku ya kuhama huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Humo mama ndiye mwalimu, binti ndiye mwanafunzi. Atazame hasa dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi, msuko umebana hata tone lisivuje. Ndani hufukizwa moshi, na maziwa yakapata harufu nzuri.

Huko Makerere, Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, na Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyesoma huko, akawa mwalimu baadaye. Dhiil haikupata chuo cha namna hiyo. Madumu ya plastiki yanashika mahali pake (ni mepesi na rahisi, nani atamlaumu mnunuzi?), na ukame huua mifugo ambayo bila maziwa yake chombo hakina kazi.

Basi mgeni anunuapo dhiil, na aulize pia ni binti gani anayejifunza kuisuka.