Ndoana ya Singe

Muuzaji wa singe za kale hakosi hadithi ya babu aliyepigana Tanga mwaka 1914. Mimi hadithi naiweka kando, natazama chuma. Singe ya Kiingereza ya bunduki ya Lee-Enfield imegongwa 1907 kwenye bapa. Huo ni mwaka wa muundo. Tarehe ya kutengenezwa imegongwa chini yake. Za mwanzo zilikuwa na ndoana karibu na mpini, ikaondolewa mwaka 1913. Kwa kuwa zenye ndoana ni adimu na ghali, walaghai huichomelea kwenye za kawaida. Ukiona ndoana juu ya tarehe ya 1916, shtuka! Mimi hununua kwa anayeniacha niishike, niigeuzegeuze, kisha akaandika kwenye risiti kwamba ikiwa bandia atanirudishia fedha. Asiyetaka kuandika, namwachia singe yake.