Vita Navyo Viandikwe Kwenye Daftari

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Sisi tunaozunguka vijijini kufundisha vikundi kuweka hesabu huwa tunarudia methali moja mpaka mnachoka kuisikia: mali bila daftari huisha bila habari. Mweka hazina akitoa shilingi mia tano za mbegu, mnamwuliza, risiti iko wapi? Hakuna anayewaita maadui wa kikundi kwa kuuliza. Leo tunauliza vivyo hivyo juu ya jambo zito zaidi, yaani vita ambavyo nchi yetu ilikwenda kupigana Somalia.

Hebu tukumbushane. Mwaka 2011 watalii walishambuliwa na kutekwa nyara pwani ya Lamu, kisha wahudumu wawili wa misaada wakatekwa Dadaab. Tarehe 15 Oktoba, mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji walitangaza kwamba Al-Shabaab watafuatwa huko huko waliko. Kesho yake askari wetu wakavuka mpaka. Sababu ilikuwako, hatukatai. Lakini Bunge liliidhinisha wajiunge na jeshi la Umoja wa Afrika mwezi wa Desemba, wakiwa tayari vitani karibu miezi miwili. Ni kama kamati itumie pesa kwanza, halafu iite mkutano.

Mwaka 2012 mji wa Kismayu ulichukuliwa, tukashangilia. Mwaka 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Mwaka 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu huko El Adde ikavamiwa. Serikali haikuwatangazia wananchi idadi ya waliokufa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye televisheni kuwa walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi letu likakana, lakini idadi yake halikuitoa.

Sasa, wanasiasa wanaotetea vita hivi wakiulizwa, majibu yao tumeyazoea.

Kwanza husema, tukiondoka magaidi watakuwa wameshinda. Vyema. Basi watuambie sisi tutakuwa tumeshinda lini. Mwanzoni tuliambiwa ni kulinda mpaka. Baadaye tukaambiwa askari watabaki mpaka Somalia itulie. Jeshi la Umoja wa Afrika limebadilishwa jina mara mbili, 2022 na 2025. Kazi isiyo na kipimo haiishi, hata iwe ya kuchimba mtaro.

Pili husema, mambo ya usalama ni siri. Ndiyo, mipango ya vita ni siri. Lakini idadi ya waliokufa El Adde inafichwa nani? Adui alikuwa pale pale, aliona kwa macho yake. Anayefichwa ni mama aliyebaki nyumbani.

Tatu husema, wafadhili ndio wanalipa. Ni kweli Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipa marupurupu ya dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi. Mwaka 2016 ukapunguza sehemu moja ya tano. Mfadhili anaweza kupunguza mzigo wake akichoka. Mjane wa askari atapunguza nini?

Mwisho husema, mnaouliza mnawavunja askari moyo. Hapana. Askari ni watoto wa vijiji hivi. Kumwuliza aliyemtuma si kumtukana aliyetumwa. Wala ndugu zetu Wasomali tusiwatazame kama adui, kwani nao wamezika wengi.

Ndugu zetu, tusiishie kunung'unika. Katiba ya 2010, kifungu cha 240, inataka idhini ya Bunge majeshi yanapotumwa nje kwa kazi ya amani, na ripoti ya usalama kila mwaka. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa Serikali. Kwa hivyo mbunge anayesema hajui, amekataa kuuliza.

Atakapokuja kwenye harambee, katibu asimame na karatasi, asome pole pole:

1. Askari wetu wangapi wamekufa, na wangapi wameumia?
2. Vita vimekula pesa ngapi, zetu na za wafadhili?
3. Familia zao zimelipwa zote?
4. Ni jambo gani likitimia, askari watarudi nyumbani?

Asome kwa heshima, kisha aandike majibu pamoja na tarehe. Mbunge asipojibu, andikeni pia kwamba hakujibu. Akirudi kuomba kura, mtafungua daftari pamoja naye.