Franka ya mwalimu isikatwe bila saini yake



Tumeitwa hapa Lac Vert kusema juu ya mchango wa sendika: ule wenye kukatwa ku mushahara wa mwalimu wa Serikali mbele pesa ifike mu mukono wake. Kuna wenzetu wanataka ikuwe hivyo, na sababu tunaielewa. Tangu mabenki zifunge hapa Goma mu Januari 2025, kupata mushahara wenyewe imekuwa safari. Nani atapita mulango kwa mulango kuchangisha?

Hatukatai. Tunauliza tu: nani alitia saini?

Katiba yetu ya 2006, artikle 38, inasema Mkongomani anaingia mu sendika kwa hiari yake. Sasa hiari ya mutu mutaionea wapi kama haiko ku karatasi? Tanzania, sheria ya kazi ya 2004 inadai fomu yenye mufanyakazi mwenyewe amejaza. Mwajiri akisha kukata, pesa ifike kwa sendika mu siku 7 kisha mwisho wa mwezi. Akichelewesha bila sababu, anaongeza asilimia 5 kwa kila siku. Kila siku! Mwenye anataka kutoka anaandika barua, anangoja mwezi moja, basi.

Lakini tusidanganyane. Sheria hiyo hiyo inaruhusu sendika yenye memba wengi kupatana na mwajiri, hata asiye memba akatwe. Walimu wa kule wamelalamikia asilimia 2 yao miaka na miaka. Ufaransa wao walifunga mulango kabisa: mwajiri haruhusiwe kukata mchango, sendika itafute pesa yake yenyewe.

Kwetu, Kodi ya kazi ya 2002 haigusi mutumishi wa Serikali mwenye statut. Yeye iko na sheria yake ya 2016. Kwa hiyo kama watu wa Kinshasa wanataka kukata, waandike kanuni upande huo, na saini ikuwe ya kwanza.

Tena kuna wale wanaitwa NU. Wengi wao ni vijana kama sisi. Wanafundisha kila asubuhi, Serikali haiwalipe, kwa hiyo hakuna cha kuwakata. Sendika yenye inapokea pesa yake ku listi ya malipo itawaona wapi? Hapa ndipo tunaogopa zaidi. Sendika yenye inalazimika kupanda mpaka Lac Vert kutafuta saini, itamukuta NU mu darasa, itamusikia. Yenye pesa inaifuata ku ofisi, itakuja kufanya nini huku ku mawe?

Tumeleta karatasi ya kupendekeza kwa viongozi wa sendika: saini, haki ya kutoka, hesabu ikisomwa mbele ya memba. Msisaini leo. Mwende nayo nyumbani, muisome na wenzenu wa shule, Jumamosi mturudishie. Na NU nao waandike majina yao.