Asiachwe Mtu Nje ya Kwaya



Siku ya tamasha inapokaribia, kwaya ya mtaa huingiwa na wasiwasi. Nyimbo hazijashikwa, waimbaji wa besi wanachelewa mazoezini, na yuko mama mmoja ambaye kila jioni hupotea katika ubeti wa tatu. Hapo neno husemwa kwa sauti ya chini: “Heri tumwache yule, asije akatuaibisha mbele ya watu.”

Ndugu zetu, jambo hili si dogo. Anayeachwa namna hiyo aweza asirudi tena kwaya, na pengine asirudi hata kanisani.

Wapo watakaosema kwamba Mungu anastahili uimbaji ulio bora. Ni kweli. Zaburi ya 33 yatuagiza kumpigia Bwana kwa ustadi. Lakini na tufungue pia 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 25, ambapo Daudi anawapanga waimbaji wa nyumba ya Bwana. Hesabu yao ilikuwa 288, watu waliofundishwa kuimba, wakagawanywa katika zamu 24, kila zamu watu 12. Zamu hizo zilipangwaje? Kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Ustadi ulikuwako, na mwanafunzi naye alikuwako. Hakungojeshwa nje mpaka awe fundi. Alipewa nafasi yake pamoja na mafundi.

Hata noti za do, re, mi, ambazo kwaya zetu nyingi zimejifunzia, zilienezwa kwa nia kama hiyo. Katika miaka ya 1840, Mchungaji John Curwen wa Uingereza alichukua njia ya Bi Sarah Glover wa Norwich, akaitengeneza, ili watoto wa shule za Jumapili na watu wa kawaida waweze kuimba.

Basi tufanyeje juma hili? Anayepotea tumweke katikati ya wawili walio imara. Ubeti wa tatu tuuimbe polepole, sauti moja moja, mpaka aushike. Asiyejua kusoma asomewe maneno mstari kwa mstari. Wenye sauti kubwa wazipunguze kidogo, kwa maana asiyewasikia wenzake huimba peke yake, hata akiwa kati ya watu arobaini. Kazi hii yataka uvumilivu, nayo ni ibada kama wimbo wenyewe.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe masikio ya kusikilizana kabla ya kutupa makofi ya watu. Siku ya tamasha utukute tumesimama wote, asikosekane hata mmoja. Amina.