Mali ya Umma katika Miradi ya Ubia: Tatizo la Daftari la Makabidhiano

Ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi ni mkataba wa muda mrefu unaompa mwekezaji jukumu la kujenga, kukarabati au kuendesha miundombinu. Tanzania inausimamia kwa sheria ya mwaka 2010 na marekebisho yake. Mali ya umma hukodishwa au kutolewa haki ya kuiendesha, umiliki hubaki serikalini, na mkataba ukiisha mali hurudi. Hayo yanafahamika.

Kisichopewa uzito ni daftari la mali zinazokabidhiwa. Mifano miwili inaonyesha kwa nini. Mwaka 2007 huduma za Reli ya Kati zilikodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ya TRL, ambamo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali 49. Njia na madaraja vilibaki mali ya RAHCO, kampuni ya serikali. Mwaka 2011 hisa za RITES zilirudi serikalini. Kabla ya hapo, mkataba wa kampuni ya City Water wa kuendesha mali za DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji la Dar es Salaam, ulioanza 2003, ulivunjwa Mei 2005. Makala hii haihukumu mikataba hiyo, kwani sababu za kuvunjika kwake zilikuwa nyingi. Funzo ni kwamba mali inaweza kurudi miaka mingi kabla ya tarehe iliyoandikwa, na siku hiyo lazima ijulikane ilitoka ikiwa katika hali gani.

Makabidhiano yakifanywa harakaharaka, pampu huandikwa "ipo" hata kama mota yake imeungua. Behewa lililonyofolewa vipuri huhesabiwa sawa na linalotembea. Safu ya "hali" hujazwa neno "nzuri" kutoka juu hadi chini. Mbia hupata kisingizio cha kutokarabati, na mwenye mali hukosa ushahidi wa kumdai. Chanzo ni kuandaa daftari baada ya kusaini, kazi ikiachiwa kamati isiyo na bajeti wala mafundi. Kosa hilo limesemwa mara nyingi, na bado linarudiwa.

Inapendekezwa daftari likamilike kabla ya zabuni kutangazwa, likiwa na namba, picha, umri na hali ya kila kifaa, pamoja na thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Mipaka ya ardhi ipimwe na hati zipatikane kabla mbia hajaingia, maana wavamizi wakishajenga, fidia huwa mzigo wa umma. Daftari liwe kiambatisho cha mkataba, lihuishwe kila mwaka kwa ukaguzi wa pamoja, na mbia aweke dhamana ya benki kwa ajili ya matengenezo. Ukaguzi wa kurejesha mali uanze miaka mitatu kabla ya mkataba kuisha, wakati bado kuna mapato ya kukatia gharama za ukarabati. Isisitizwe: mradi usio na daftari lililosainiwa na mafundi wa pande zote usiruhusiwe kufikia hatua ya kukabidhi funguo.